Kiganja Kisicho na Chaki

Kaptembwo, Nakuru
Jumatano

Kwa dada yangu Zuhura,

Unisamehe kimya cha mwezi mzima. Sikuugua, wala sikukusahau. Niliona haya, na mwenye haya kalamu humwia nzito. Natumaini goti lako limepata nafuu na mvua haikuliharibu tena paa la jikoni. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imenizoea kuliko nilivyoizoea mimi.

Nilikueleza kwamba nafundisha Kiswahili katika kituo cha watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu wa hesabu alipohama, mwenye kituo aliniomba nishike vipindi vyake, nami, kwa kiburi cha mtu aliyesahihisha wenzake miaka arobaini, nikakubali. Nikanunua kitabu, nikajifunza kanuni za kutafuta mteremko wa mstari uliopinda. Kipeo kinashuka mbele ya x, na juu kinapunguzwa kwa moja: x ya kipeo cha pili inakuwa 2x, x yenyewe inakuwa moja, namba isiyo na x inakuwa sifuri. Nilizikariri wiki moja tu kabla ya wanafunzi wangu.

Desturi ya darasa langu unaijua, maana ni ya marehemu baba alipokuwa mwalimu wetu: aliyekosea hulifuta jibu lake ubaoni kwa kiganja, kisha hukaa na vumbi la chaki mkononi, bila kunawa, mpaka kipindi kiishe.

Yuko mwanafunzi aitwaye Nekesa, mama wa watoto wawili, anayewafulia watu nguo Kiamunyi. Anataka kusomea uuguzi, na bila hesabu hawamchukui. Siku moja mwezi uliopita niliandika mabano mawili yanayozidishana, (x + 3)(x + 5), nikauliza mteremko. Nekesa alizidisha mabano kwanza, akapata 2x + 8. Mimi nilitafuta mteremko wa kila bano peke yake: moja mara moja, ni moja. Nikaandika 1, nikaizungushia duara.

"Lakini mwalimu, hiyo x imeenda wapi?" akauliza.

"Wewe ni kama hiyo tano isiyo na x," nikamwambia. "Ukitafutiwa mteremko, unabaki sifuri. Futa."

Darasa likacheka. Mwendesha bodaboda anayekaa nyuma akasema, "Mathe Sifuri, futa haraka, tuko na wateja." Nekesa akafuta kwa kiganja kilichochubuliwa na sabuni. Chaki iliingia vidondani; nilimwona akikunja vidole. Sikumruhusu kunawa. Jina la Mathe Sifuri, yaani Mama Sifuri kwa lugha yao ya mtaani, likamganda, na mimi mwenyewe nililitumia mara mbili.

Wiki iliyofuata hakuja. Nikitayarisha somo jingine, niliuchora ule mstari. Ulishuka kama barabara iingiayo bondeni, ukapanda upande wa pili. Barabara ya namna hiyo haiwezi kuwa na mteremko mmoja kila mahali. Nikafungua majibu mwisho wa kitabu: 2x + 8.

Jumatatu hii nilimfuata Kiamunyi, nikamkuta akianika mashuka ya mwajiri wake. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga vizuri. Akanitangulia.

"Mwalimu, mimi niliachana na hiyo mahesabu. Ulisema ukweli, hii kichwa yangu ni sifuri. Sitajiandikisha."

Unajua nilimjibu nini, dada? Nilimwambia, "Sema kichwa changu hiki." Akarudia kama mtoto, "Kichwa changu hiki," akanishukuru. Nikaaga, nikaondoka.

Usajili wa mtihani unafungwa Ijumaa saa sita mchana. Nikimrudisha Nekesa darasani kesho, sharti niiandike tena ile moja na kuifuta kwa kiganja changu mbele ya wote, na yule wa bodaboda hatakosa jina la kunipa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Wote wameinakili daftarini. Sikumbuki kumwona baba akifuta ubao hata siku moja. Wewe unakumbuka?

Nisalimie shemeji Hamisi, mumeo, na shangazi Mwanaidi aliyetulea. Msalimie pia binti yako Rukia, muuguzi wetu, ila usimsomee barua hii.

Nikishaamua nitakuandikia. Ukiona kimya tena, ujue nacho ni uamuzi.

Nduguyo,
Bakari