Mama Riziki, Mkutano wa Alhamisi Usiukose

Dada yangu Mama Riziki,

Sasa wewe! Huku Majengo tuko fiti, na mimi ndiye fiti kuliko wote, kama kawaida. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ati shule ya huko Kanada inataka kumrudisha Riziki madarasa mawili nyuma kwa sababu ya Kiingereza, wamekuita Alhamisi mzungumze, na wewe unataka kumtuma jirani akusemee. "Ulimi wangu mzito, nitamwaibisha mtoto." Dada, hebu kaa chini kwanza.

Unakumbuka ulipohamia ploti yetu hii ya vyumba vya kupanga? Ulikuwa unasimama na mtungi wako kwenye foleni ya maji tangu alfajiri, unaulinda kama askari wa benki, mpaka nikakwambia: hapa mtungi hupanga foleni wenyewe, nenda ukapike. "Na wakiuiba?" "Kwa ploti yangu? Nani huyo?" Nilijiona chifu. Basi ulipotaka Riziki aanze shule, nikajipa kazi ya kukusemea.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Nilikwambia ufiche karatasi za ukimbizi wasije wakamkataa mtoto, useme umetoka Busia, na mimi ni shemeji yako. Njia nzima nikakufunza salamu za Kiluhya, lugha ya huko. Mimi, niliyeacha shule hiyohiyo darasa la sita! Mwalimu mkuu akanitazama juu ya miwani. "Brayo. Tangu lini una shemeji Busia? Na ni Busia sehemu gani?"

"Ile ya katikati, mwalimu."

Bado naona haya, na mimi si mtu wa haya.

Wewe ukaweka mfuko mezani, ukatoa karatasi zako zote, na daftari za Riziki za kule kambi ya wakimbizi ulizozijalidi kwa magazeti. Ukasema taratibu, "Mwalimu, mimi si wa Busia. Nilitoka Bukavu, Kongo, na huyu mtoto mgongoni. Kijana ana roho nzuri, ila uongo wake mubaya. Umupe mtoto hesabu, umuone."

Riziki akapiga hesabu mpaka chaki ikakatika. Mwalimu akasoma karatasi zako, akasema zinatosha. "Mtoto ana karatasi. Huyu shemeji ndiye hana." Mlinicheka mpaka getini, wewe na mwanao, watu wasio na shukrani!

Lakini tangu siku hiyo nimejua kitu, na mimi kukiri si mchezo. Ningeendelea kukusemea, Riziki angekosa nafasi. Alipata kwa sababu mama yake alifungua mdomo.

Kwa hivyo huyo jirani aje akusindikize tu, abebe mwavuli. Piga simu shuleni leo, waambie unataka mkalimani wa Kiswahili. Usiombe kama msaada. Waambie tu, kama unavyoagiza chai. Beba daftari za hesabu. Wakisema mtoto hajui, waambie hajui Kiingereza tu, na Kiingereza hufunzwa, ndiyo kazi yao. Ukikosea maneno, kosea kwa sauti ya juu. Mimi nakosea hivyo kila siku na watu wananisikiliza.

Hapa tunakukosa, dada. Ploti imepoa. Lakini sikuombei urudi. Nakuombea ukae huko kama mwenyeji.

Alhamisi ukifika, pita mbele. Mkalimani akichelewa na wakikuuliza wewe ni nani, usihangaike na Kiingereza. Taja jina la mtoto, kisha ujigonge kifua, wajue mama yake ndiye huyu. Watasogeza kiti.

Ni mimi, mdogo wako wa mlango wa pili,
Brayo