Baiskeli Haiuzwi, Dada

San Roque Alto,
Boyacá, Kolombia.
Jumamosi, 14 Septemba 2019

Mpendwa Dada Hermencia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi yetu. Hujambo? Miguu yako inaendeleaje na zile ngazi za jengo lenu huko Bilbao? Na shemeji, kifua kimepona? Watoto je, bado wanaikimbia supu? Sisi huku tunashukuru. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata moto anatembea kuliko mimi. Jalidi ya Agosti ilichoma viazi vya bondeni, vya huku juu vikasalimika. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, mtundu ajabu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani hii siyo simu, ni mkutano. Nikiishika tu, kaka Abelardo anasogeza kiti na Mama anapunguza moto wa jiko ili asikie vizuri. Na haya ninayotaka kukwambia, nataka uyapate kutoka kwangu mwenyewe.

Abelardo alinisikilizisha ule ujumbe wako wa sauti. Ulipoisha akaurudia, safari hii ameongeza sauti. Eti niuze baiskeli. Eti nina miaka arobaini na sita. Eti huko kwenu wanawake wa umri wangu wanatembea ufukweni na mbwa. Dada, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Lakini baiskeli haiuzwi. Nasema mapema ili usisome barua nzima ukingoja nibadili maneno.

Habari ya ajali unayo. Lori la mchanga lilinisukuma mtaroni pale kwenye kona ya kanisa dogo, nikavunjika mtulinga, na dereva wala hakusimama. Nilipotoka hospitali wakanikalisha katikati ya jiko la Mama kama mshtakiwa, mkono ukining'inia kwenye bendeji, nikaapa mbele ya picha ya Bikira kwamba sitaendesha tena kwenye barabara ya magari. Niliapa kweli, na kiapo hicho sijakivunja wala sitakivunja. Klabu yetu ya baiskeli inapita hapa kila Jumapili. Nasikia minyororo yao nikiwa nakamua, nauma midomo, naendelea kukamua.

Lakini kuna jambo ambalo hawakukusimulia, kwa sababu hawalijui. Niliogopa, dada. Niliogopa mpaka nikawa si mtu. Hata nikienda dukani kwa miguu, nikisikia injini nyuma yangu narukia majanini. Kila baada ya hatua chache nageuka kutazama nyuma, mpaka shingo inauma. Mimi, niliyekuwa nawaacha wanaume wa klabu wakihema mlimani, namwogopa muuza mikate na kijipikipiki chake! Nilijichukia. Kila mtu alikuwa anauliza bega limeungana au bado, na mimi najibu limeungana, wanamshukuru Mungu, maswali yao yanaishia hapo.

Basi unamkumbuka Nohemí, yule wa jibini, mwenye kicheko cha kuamsha kijiji kizima? Yeye siku hizi anaendesha baiskeli za milimani, zile zenye matairi manene, huko juu kwenye mikaratusi na njia za ng'ombe. Siku moja alinikuta langoni nawaangalia klabu wakipotea kwenye kona. Akasema, "Mpaka lini utawalilia hao wenye soksi nyeupe? Njoo kwetu huku juu. Lori likitaka kukugonga kule, itabidi kwanza lipande miti."

Nilicheka, halafu sikulala vizuri kwa hamu. Jumapili iliyofuata nikaingia jikoni kuomba baraka, kama tulivyozoea tangu utoto, hata ukiwa unakwenda kuchota maji tu. "Baraka, Mama." Mama akaendelea kugeuza arepa zake za mahindi kikaangoni. Nikarudia. Akasema bila kunitazama, kwa ile sauti yake ndogo unayoijua, "Anayekwenda kujiua mimi simbariki."

Sijawahi kuvuka lile lango bila baraka yake. Hata usiku ule uchungu wa kujifungua uliponibana, alinifanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso ndipo wakanipakia garini. Siku hiyo nilivuka bila. Machozi yalinitoka njia nzima mpaka kwa Nohemí, na hasira juu ya machozi, lakini nilivuka.

Sasa ucheke kidogo. Nohemí alinipa baiskeli ya mume wake, na mimi nikafanya ambacho mtu yeyote wa lami angefanya: nikashika pampu nikajaza upepo mpaka tairi ukiligonga linalia kama mlango. Nikajisifu kimoyomoyo. Nohemí akalibonyeza kwa kidole. "Bibie, unakwenda kuupanda mlima au kuudundia?" Akafungua vali, fyuuu, upepo wote nilioutolea jasho ukaenda zake. Kumbe kule tairi linatakiwa liwe laini, likumbatie mawe. Nani alinifundisha hayo? Maisha yangu yote nimefundishwa kwamba tairi laini ni uvivu.

Tulipoanza kupanda nikasema haya, hapa ndipo nyumbani kwangu. Nikainuka kwenye kiti, nikasimama juu ya pedali kama tunavyofanya sisi tukitaka kumkomesha mtu. Wapi! Tairi la nyuma likazunguka bure kwenye kokoto, na mimi palepale. Nohemí akanipita amekaa kitako, anaimba, mwanamke anayekula nusu ya jibini analouza! "Kaa chini, malkia! Uzito uupeleke nyuma!" Nilikaa. Iliniuma, lakini nilikaa, na tairi likashika.

Kushuka ndiko kulikonivunjia heshima. Tukiwa kwenye kundi barabarani, wa mbele akiona shimo anatoa mkono kuwaonyesha walio nyuma. Nimefanya hivyo tangu usichana, mkono hauulizi tena. Basi nateremka, mawe yananitingisha mpaka meno, naliona shimo, na mkono huo, umetoka, unaonyesha. Usukani ukabaki na mkono mmoja, ukageuka unakotaka wenyewe, nikaruka juu yake nikatua kwenye matope ya kijito, uso kwanza.

Nohemí alikuja mbio akidhani nimekufa. Alipoona nakohoa akaketi chini kabisa. "Ulikuwa unamwonyesha nani hilo shimo? Mimi? Hilo shimo nalijua kuliko jina la mama mkwe wangu!" Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Matope mdomoni, kiwiko kinatoka damu, na mimi nacheka, dada, sikumbuki mara ya mwisho nilicheka hivyo.

Na hapo ndipo nilipogundua. Tangu tuingie kwenye ile miti sikuwa nimegeuka nyuma hata mara moja. Shingo yangu ilikuwa imetulia, imenyooka mbele kama ya mtu mwenye akili zake. Nilianza kulia tena, Nohemí akauliza nimeumia wapi, nikamwambia hapana, nimepona.

Abelardo alinipokea langoni, mikono kiunoni. "Uliapa!" Nikamwambia niliapa barabara ya magari, na huko nilikokwenda gari sijaliona. "Umri huo unagaragara matopeni kama nguruwe!" "Nguruwe anarudi nyumbani kwa miguu yake, kaka. Barabarani nilirudishwa kwa machela." Akasema amepata mnunuzi, mwalimu fulani wa mjini, atakuja kuichukua baiskeli yangu ya mbio kwa kuwa sina kazi nayo.

Nilikwenda ghalani, nikaitoa, nikaiingiza chumbani kwangu, ikasimama kando ya kitanda pale ambapo marehemu mume wangu alikuwa anaweka viatu. Mwalimu alipokuja nilimkaribisha kahawa na mkate wa jibini. Nikamwambia baiskeli ni nzuri sana, ndiyo sababu haiuzwi. Maskini, akanywa kahawa yake, akaniuliza habari za viazi, akaaga. Abelardo hakuniongelesha siku kadhaa, na nyumba ikawa na amani kweli.

Tangu hapo naenda kila Jumapili. Naanguka bado, ila sasa naanguka kwa sababu za maana. Mkono nimeuonya ubaki kwenye usukani. Lile shimo nalipita nimenyoosha miguu na matako nyuma ya kiti, siyo sura ya kupiga picha, lakini nalipita. Na kila Jumapili naingia jikoni, naomba baraka, na Mama ananipa kisogo. Hilo ndilo linaloniuma, dada, siyo viwiko. Najua ni hofu. Yeye ndiye aliyekaa nami hospitali, akinilisha supu kwa kijiko. Lakini hofu yake siwezi kuivaa juu ya yangu. Nimetoka kuivua yangu juzi tu.

Jumapili iliyopita ukungu ulitukamata kule juu, nikachelewa. Nilimkuta Mama langoni, kwenye baridi ile, bila hata ruana yake ya sufu mabegani. Akaniangalia toka kichwani mpaka viatuni, akiwa anatafuta kilichovunjika. Hakukiona. Halafu akauliza:

"Huko juu kuna malori?"

"Hakuna, Mama."

"Kuna nini?"

"Ng'ombe. Miti. Nohemí."

"Ng'ombe afadhali," akasema. "Nohemí ndiye sina uhakika naye." Akaingia ndani, akanichemshia maji ya sukari guru na kipande cha jibini ndani yake kama desturi yetu, akakaa akiniangalia nikinywa. Baraka hakutoa.

Kwa hiyo, dada, sikuandikii kuomba ruhusa. Nakuomba usimwazime tena Abelardo sauti yako ya kunipigia. Na ukiongea na Mama, usinitetee, mwambie tu kwamba mdogo wako ameacha kutazama nyuma. Maneno hayo mimi nikimwambia nitalia, na nikilia atadhani nimekubali.

Kesho nitaingia jikoni nikiwa nimevaa helmeti tayari, asije akafikiri nimekuja kubembeleza. Nitainamisha kichwa, nitasema "Baraka, Mama," nitangoja. Akinibariki, nitalia mpaka kwenye mikaratusi na Nohemí atanisimanga mwezi mzima. Asiponibariki, nitainua kichwa na kumwambia, "Nakwenda, Mama, nitarudi kula," na nitakwenda. Jumapili ya pili yake nitaomba tena, na ya tatu. Tutaona nani atachoka kwanza. Mimi ni mtoto wake, ukaidi huu sikuuokota njiani.

Nisalimie shemeji Iñaki na umwambie aache kutembea kifua wazi. Wabusu Maialen na Julen. Shangazi Rosalbina anakusalimu, na Nohemí pia, anasema ukija atakupa jibini na baiskeli, uchague. Mungu akulinde kwenye ngazi hizo, awape nyote afya na mkate, na atukutanishe tukiwa bado na meno.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyokutii,

Leonilde