Filimbi ya Furaha

Mjukuu wangu Neema,

Salamu toka huku kambini Dzaleka. Tuko wazima, na tantine, shangazi yako, anashona nguo za korali ya kanisa. Unaniuliza namna ya kufundisha batoto bako ba shule ya Chilinde filimbi, maana banapiga kelele tu.

Nilipokuwa mwalimu kijana kule Bukavu, batoto bangu pia balipuliza kwa nguvu zote, mpaka direktrisi wa masomo, mkubwa wetu pale shuleni, akaniambia, "Kesho nakusanya hizo filimbi zote." Asubuhi yake nikaona katoto kamoja, Furaha, kameshika filimbi bila kupuliza.

"Mbona haupulizi?"

"Kwetu kuko bebe, analalaka. Mama anakatazaka kelele."

Nikamwambia, "Basi puliza kama unafukuza nzi kwa uso wa bebe, asiamuke."

Akapuliza. Sauti ikatoka nyembamba, safi. Benzake bakashusha filimbi zao kumusikiliza, kisha bakajaribu vile vile, mmoja mmoja. Direktrisi alikuwa amefika mlangoni na kikapu cha kukusanyia filimbi. Akasimama, akakiweka chini, akaniuliza polepole, "Na mi naweza kujaribu?"

Anza na pumzi ndogo, mama. Bidole bitafuata kwa matundu ya filimbi.

Ni mi koko yako, ninayekuombea.