Nilimshika Mkwe Mkono Chini ya Maji

Shangazi Zuena, nakusalimu kutoka Shinyalu, na kabla hujanisoma hewani cheka kwanza umalize, kwa sababu mimi mwenyewe nacheka huku nalia.

Mkwe wangu Cleophas, mume wa binti yangu Sylvia, ni mtu wa Matungu, amekulia kwenye mashamba ya miwa, lakini anafanya kazi Mombasa, na likizo ya Aprili alitualika mimi na mzee wangu Jairus twende na wajukuu kwenye hifadhi ya bahari, pale watu wanavaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia wakatazama samaki kwenye matumbawe, na wewe unajua kwetu mama mkwe na mkwe hawasalimianangi kwa mkono, hata kiti alichokalia mimi sikalii, akija nyumbani nampungia tu kutoka jikoni. Kwa hiyo wenzangu walivaa nguo za kuogelea, mimi nikaingia baharini na dera, na ndani suruali ya trakisuti ya Jairus. Wee! Dera lilijaa hewa likapanda juu kama hema la harusi, Cleophas akageuza uso akaanza kuhesabu mawingu, Jairus kwenye boti akacheka mpaka akatapika.

Mara maji yakaingia kwenye mrija, nikachanganyikiwa, nikadaka mkono wa kwanza niliokutana nao, nikadhani ni wa Anwar, yule kijana wa huko Pwani aliyekuwa akituongoza. Nikatulia. Shangazi, sijawahi kuona uzuri kama ule! Samaki wa manjano wenye milia, wa buluu, mwingine ana mdomo kama kasuku, na kila nikiona mmoja naubana ule mkono, na ule mkono wenye kovu la panga la miwa kwenye kidole gumba unanionyesha mwingine, tukazunguka hivyo mpaka tukaitwa. Kutoa miwani, kumbe ni Cleophas!

Alienda kukaa mwisho wa boti. Tangu siku hiyo hapigi simu, na juzi Sylvia ameniambia Krismasi hii mumewe hatakanyaga kwetu, atabaki Matungu kwa aibu, na wifi yangu anasema nimefukuza mkwe kwa mikono yangu mwenyewe. Mkwe huyu nampenda kama niliyemzaa. Nifanye nini arudi?

Mildred, Shinyalu

Mama Sylvia, salaam kutoka Mumias. Pole sana. Nimecheka kama ulivyoniruhusu, sasa nisikilize.

Kwanza tuache uongo. Ati Anwar! Kijana wa Pwani alikata miwa lini? Kovu lile uliliona ukiwa chini ya maji, ukajua ni la nani, na bado ukaendelea kubana. Samaki walikuwa wazuri na ulikuwa unaogopa kuzama. Usijifiche kwangu, mama, nishakuona.

Lakini naye hebu mfikirie. Nani mwingine aliingia baharini na dera siku ile? Cleophas alijua tangu mwanzo ameshikwa na nani. Angeweza kujitoa, akabaki na heshima yake, nawe ukabaki na maji kifuani. Hakukuacha. Huyo hana hasira na wewe hata kidogo, anaogopa kwamba wewe ndiye umekasirika! Mmekaa kimya wote wawili kama watoto waliovunja kikombe. Na wifi yako apunguze mdomo.

Usimpigie wewe. Jairus ampigie, mwanamume kwa mwanamume, amwambie: mama anashukuru kwa ule mkono. Aishie hapo, asilete utani wake. Krismasi mchinje ingokho, yule jogoo mkubwa, umpike mwenyewe, na firigisi iende kwenye sahani ya Cleophas, si ya Jairus. Mtu wa Matungu akiwekewa firigisi haulizi tena kama amekaribishwa. Wewe baki jikoni kwako umpungie kama zamani.

Halafu likizo ijayo mrudi baharini, tena ununue nguo ya kuogelea yenye mikono mirefu na suruali yake, ziko, hilo dera litakuua. Jairus akae na wajukuu kwenye boti. Sylvia aogelee katikati, mkono mmoja akushike wewe, mwingine amshike mumewe. Ukimwona yule samaki wa milia, mbane Sylvia, naye ambane Cleophas. Atajua ni wewe.