Bibi Helena Hakuolewa

Mama,

Pasipoti imetoka. Rangi yake ni ya maharage mekundu, na iko hapa mezani tangu asubuhi. Nimeifungua mara moja tu. Ulikufa umenikasirikia kwa sababu ya kitabu hiki, kwa hiyo nimeona ni haki yako usikie kutoka kwangu.

Bado naishi huku Ulaya, Rayners Lane, chumba cha juu kwa Mama Kokila, yule Mhindi wa Moshi mliyekuwa mkisalimiana kwenye simu. Mara nyingine anasahau na kuniuliza hali yako, kisha anajishika mdomo. Kazi yangu ya kutunza wazee kule Stanmore inaisha mwezi ujao, na viza inaisha nayo. Upendo yuko Dublin na mwanawe. Alijifungua peke yake, Mama. Viza ya kwenda kumpikia mtori walininyima mara mbili, na mjukuu wangu wa kwanza nikawa namwona kwenye simu akipiga miayo.

Aliyenipa wazo la Poland ni Beata, Mpolandi tuliyekuwa naye zamu moja. Nilimsimulia jinsi Bibi Helena alivyoletwa kambini Tengeru na wakimbizi wenzake wa Poland wakati wa vita, akiwa msichana, na jinsi wenzake walivyoondoka yeye akabaki kwa ajili ya Babu Elia, dereva wa lori la kambi. Beata aliacha kikombe chake cha chai. Akaniambia kwamba kama Bibi alikuwa raia wa kwao, huenda na wewe ni raia tangu kuzaliwa, na mimi pia. Kwamba hatuendi kuomba kitu, tunakwenda kuthibitisha kilicho chetu. Na kwamba mwenye pasipoti ya kwao huingia Dublin bila viza. Akanipeleka kwa mama mmoja wa makamo, mtafsiri aliyeapishwa, anayewasaidia watu na makaratasi ya ubalozini.

Mtafsiri aliniuliza maswali mengi, na moja lilikuwa hili: wazazi wa mama yako walifunga ndoa? Nikaandika ndiyo kwa herufi kubwa, nikaongeza na kanisani. Ndivyo ulivyonilea. Pete ya Bibi nimeiona kidoleni mwako tangu nikiwa mtoto, na sijui ni nani mwenye adabu zake angeandika vingine kuhusu bibi yake. Yule mama akasoma, akavua miwani. Alinieleza polepole kwamba kwa sheria yao ya wakati ule, mwanamke aliyeolewa na mgeni alifuata uraia wa mume, na mtoto wa ndoa alifuata baba. Mtoto wa nje ya ndoa ndiye aliyefuata mama. Kama Bibi aliolewa, safari yangu ilikuwa imeishia hapo.

Nikakupigia nikiwa nimesimama kituoni, treni zinapita. Nikauliza, "Mama, una hakika kweli walifunga ndoa?" Ukasema, "Unataka mama yangu awe malaya wa kambi ili wewe ubaki huko Ulaya?"

Nami nikakujibu kwamba unawajali wafu kuliko walio hai. Ukakata simu.

Jumapili ile sikupiga. Wala iliyofuata. Nilikuwa nangoja uanze wewe, nawe bila shaka ulikuwa unaningoja mimi, mkaidi kwa mkaidi. Wiki ya tatu akapiga Shangazi Ndeshi, kuniambia umetutoka.

Nisamehe, Mama. Nisamehe. Nililirudia neno hilo kwenye ndege mpaka jirani yangu akaniitia mhudumu.

Siku ya kuanua tanga, Shangazi aligawa vitenge vyako, mimi nikapewa sanduku la bati. Miaka yote uliniambia vyeti vililiwa na mchwa. Mchwa gani, Mama, anayekunja karatasi vizuri namna ile na kuifunga ndani ya leso? Kilikuwepo kitambulisho cha Bibi cha ukimbizini. Kilikuwepo na cheti chako cha ubatizo: mama, Helena, baba, mstari mtupu.

Shangazi ndiye aliyeniambia. Padri alikataa, ukoo wa Babu nao ukakataa, basi Babu akanunua pete mjini akamvisha mwenyewe, jikoni, wakaishi hivyo mpaka alipofariki. Akaniambia shuleni walikuwa wakikuita mtoto wa kambi, na wewe, mzee wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu, ulikuwa unapigana.

Nilikaa na cheti hicho wiki nyingi. Uongo sikuutaka, na kukuvua nguo mbele ya watu wasiokujua sikuweza. Kisha siku moja mchana Upendo akapiga analia: ziwa limevimba, homa imempanda, hana wa kumkanda. Nikaenda kwa mtafsiri nikaifuta ile ndiyo. Nikaandika: hawakufunga ndoa. Yule mama akagonga mihuri yake bila kunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

Makaratasi yalikaa Poland zaidi ya mwaka. Mtoto alianza kutambaa, akasimama kwa kushika viti, sasa anakimbia. Ubalozini walipochukua alama za vidole vyangu, afisa alinipongeza, nikatoka nje nikapitia duka la Wapolandi. Pale kaunta, Mama, nikakuta kabichi ya chumvi kwenye ndoo, ileile aliyokufundisha Bibi, ambayo majirani waliilalamikia harufu nawe ukiwajibu ni dawa ya tumbo. Nililia mbele ya kabichi. Muuzaji akanipa tishu, akaniongezea na tango.

Jumamosi nakwenda Dublin. Na kwa kuwa kwetu uraia pacha haukubaliki, huenda siku moja nitakuja Arusha kama mgeni, nikipanga foleni ya wageni. Hilo ni langu, nitalibeba.

Lakini kuna jambo nimelifanya bila kuuliza ofisi yoyote. Nimempigia fundi wa mawe pale mjini. Nimemwambia achonge jina lako, na chini yake: Binti wa Elia na Helena. Nakuahidi nitakuja kuliweka jiwe hilo mwenyewe, Upendo akiwa upande mmoja na mwanawe upande mwingine. Kwenye makaratasi ya Poland umebaki na mzazi mmoja, na nimekuandika hivyo kwa mkono wangu. Kaburini kwako watakuwa wawili, na hakuna atakayewadai cheti.

Pumzika, Mama. Ukiweza, nisamehe.

Binti yako,
Naomi