Mama na Ngoma ya Syokau

Soko la Nunguni,
S.L.P. 41,
kupitia Machakos.

Jumapili, 23 Januari 1977

Mpendwa ndugu yangu Kivuva,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. U hali gani huko Lusaka? Kasyoka hajambo? Na watoto je, yule mdogo kifua chake kilipona? Sisi huku tunashukuru Mungu, tunaamka na tunalala. Baridi ni ile ile ya Nunguni ya kukupeleka kwa jirani kuomba kaa la moto. Mvua ya Novemba ilitutosha, maharagwe tumevuna, na mahindi yakiachwa na nyani tutakula mwaka huu.

Barua yako ya Krismasi ilifika pamoja na kitambaa. Nimemshonea mwanangu Kavata gauni, na kipande kilichobaki Mama amekifanya cha kichwa. Asante sana, hukutusahau.

Sasa uliuliza bendi ya shemeji yako Muli inaendeleaje. Ndugu yangu, ungeuliza mwezi wa kumi ningekujibu kwa mstari mmoja. Leo sijui hata nianzie wapi. Nimechanganyikiwa kabisa, na unanijua, nikichanganyikiwa huandika mengi. Kwa hivyo tafuta kiti.

Mwanzo ulikuwa mzuri tu. Mwaka jana Muli alisema watu wamechoka kuona sura zile zile za Orchestra Mwangaza Jazz kila mwisho wa mwezi, na kwamba kila likizo ya shule bendi italeta mgeni wa kupiga nao. Akauita msimu wa wageni. Mabango yakabandikwa mpaka kwenye mlango wa posho mill, pale pa kusagia unga.

Mwezi wa nne akaja mpiga saksafoni kutoka Voi. Huyo alipiga amefumba macho mpaka akashuka jukwaani bila kujua, na watu wakadhani ndio mtindo wake, wakampigia makofi. Mwezi wa nane akaja mwimbaji wa Kisomali, Qamar, binti ya Ugas, yule mfanyabiashara wa ng'ombe kule Mwingi. Babake alikubali kwa sharti kwamba kaka yake Bile akae kwenye kiti pale pale jukwaani kando yake, na kweli Bile alikaa, uso mkavu, mpaka wimbo wa mwisho. Hakuna Mkamba aliyeelewa hata neno moja, lakini mama muuza ndizi aliye karibu na cherehani yangu alilia, na mpaka leo hajui alilia nini.

Nikamuuliza Muli, sasa jazi ni nini? Ya Voi ni jazi, ya Kisomali ni jazi, ya kwenu ya Kikamba nayo ni jazi. Akasema jazi ni kitu chochote kinachokukataza kukaa. Nilikubali tu, maana nilikuwa nakata suruali ya mwalimu na sikutaka kukosea.

Mgeni wa Desemba ndiye aliyetuletea haya. Muli alikuwa amempeleka mjomba wake hospitali ya misheni kule Mutomo, na huko akamsikia bibi mmoja anaitwa Syokau akipiga ngoma ya kilumi. Wewe na mimi kilumi tunaijua kwa kusimuliwa tu: ngoma ya akina mama wazee, ile ya kuita mapepo, mwanamke akishikwa anaanguka na kusema kwa sauti isiyo yake. Tangu Sunday School tumeambiwa tusiisogelee. Muli yeye alirudi nyumbani akisema hajawahi kusikia mkono kama ule, na kwamba lazima upigwe pamoja na gitaa.

Mzee Ndolo wa kanisa alikuja kumwonya. Muli akamjibu kwa heshima kwamba amealika ngoma, hajaalika pepo. Mimi nilikuwa katikati nawamiminia chai. Nikimsikiliza Mzee Ndolo naona ana haki, nikimsikiliza mume wangu naona naye ana haki. Hapo ndipo kichwa changu kilianza kwenda kombo, na hakijarudi.

Konsati ilikuwa Jumatatu baada ya Krismasi, mchana, kwenye ukumbi wa soko. Mama alikuja kumchukua Kavata tu, amtoe kwenye kelele. Kuingia hakutaka, kwanza kwa sababu ni mama wa kanisa, pili kwa sababu mkwe wake alikuwa jukwaani. Si unajua Mama na adabu ya ukwe? Tangu niolewe hajakaa chumba kimoja na Muli. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye shamba la watu mpaka mwenzake apite.

Basi alikuwa amesimama nami mlangoni, akimfunga Kavata kitambaa, Syokau alipoanza. Alikataa maikrofoni. Alikaa juu ya ngoma yake, bibi mdogo tu, mweusi, mwembamba, akaanza polepole, na Muli akamfuata kwa gitaa kwa mbali kama mtu anayeogopa kumkanyaga. Kisha Syokau akaimba mstari mmoja akanyamaza, akingoja kuitikiwa. Hakuna aliyejua jibu.

Mama alijibu.

Kivuva, nilidhani ni mtu mwingine nyuma yangu. Nilisahau kwamba Mama alizaliwa upande ule ule wa Syokau, kule Ikutha, na kwamba kabla ya Yesu na kabla ya Baba alikuwa msichana wa huko. Akanipa mkoba wake, akanipa Biblia, akavua viatu akavipanga sawasawa, akaniambia nivichunge visikanyagwe. Akaingia. Watu wakampisha. Alicheza kwa mabega na shingo, wima, hakuyumba hata kidogo, anaitikia pale panapofaa maneno ambayo sijapata kuyasikia kinywani mwake maisha yangu yote.

Muli alipomwona mkwe wake anakuja alishtuka, akageuka mwili mzima akapiga gitaa akiutazama ukuta. Watu wa mbele wakadhani amekasirika. Hakukasirika, ni heshima tu, lakini nani angemweleza nani wakati ule? Alipiga hivyo mpaka mwisho, mgongo kwetu, na wengine wanasema hajawahi kupiga vizuri kama siku hiyo.

Ngoma ilipokwisha Mama alijifuta jasho, akavaa viatu, akachukua mkoba na Biblia, akamshika Kavata mkono wakaenda zao. Mimi nilibaki mlangoni mikono mitupu.

Siku iliyofuata Nunguni nzima ilikuwa na habari. Jumamosi Mchungaji Mbuvi na Mzee Ndolo walikwenda kwa Mama, nami niliitwa nikakaa nao. Mchungaji ni mtu mwema, usimfikirie vibaya. Alikuwa amekuja na njia ya kumsaidia. Alisema ikiwa ni pepo lililomshika, hilo si kosa lake. Watamwekea mikono, wataliombea litoke, na Jumapili hiyo hiyo atarudi Mezani pa Bwana. Lakini ikiwa alicheza kwa hiari yake, basi ni kurudi nyuma, na utaratibu wa kanisa ni mwaka mzima nje ya ushirika, na akifa akiwa nje kanisa halimziki.

Unaelewa maana yake? Moyo wa Mama umechoka. Daktari alimwambia mwezi wa kumi, na sikukuandikia kwa sababu alinikataza. Kufa hakumtishi, anazungumza habari yake kama safari ya Machakos. Kinachomtisha ni kuzikwa kimya kimya. Tangu siku ile kwaya zilipomwimbia Baba mazikoni, ameshapanga nyimbo zake mwenyewe, na hata mtu asiyeruhusiwa kuzianzisha. Hilo ndilo tumaini lake. Na lilikuwa hapo mezani, anachotakiwa kusema ni neno moja tu: pepo.

Mama akasema, "Mchungaji, shetani ana makosa yake mengi, lakini hili si lake. Siwezi kumsingizia. Nilifurahi."

Mchungaji akamuuliza kwa upole kama ana hakika, kwa maana pepo lina ujanja wa kujificha. Mama akasema ana hakika, akawakaribisha viazi.

Tangu siku ile sijalala vizuri. Asubuhi nasema Mama ni mkaidi, neno moja lingemgharimu nini? Jioni nasema Mama ni mkweli, na ni kanisa hili hili lililotufundisha kusema kweli. Halafu najiuliza, furaha gani hiyo inayohitaji adhabu kuliko pepo? Halafu naogopa kwamba hata swali hilo ni dhambi. Muli naye hajagusa gitaa. Anataka kwenda kumwomba Mama msamaha lakini ukwe haumruhusu, kwa hivyo ananituma mimi, na Mama ananirudisha mimi kwamba hana cha kusamehe. Nimekuwa kama gari la posta baina ya nyumba mbili.

Nilitaka kukuandikia nikusubiri utoe neno, wewe ndiwe kifungua mimba. Lakini barua ya Lusaka inakawia, na wazee hawakukawia. Walisema Mama amekwisha kusema lake, sasa wanataka shahidi aliyekuwa kando yake. Shahidi ni mimi. Jumapili iliyopita baada ya ibada wakanisimamisha mbele yao, Mama amekaa pale pale ananisikia.

Nitakuambia kweli kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Nilikwenda nikiwa nimeamua kusema ni pepo. Nilikuwa nimeyapanga maneno nikishona: macho yaligeuka, alikuwa hanisikii, mikono ilikuwa baridi. Nilijiambia ni uongo mdogo wa kumpatia Mama nyimbo zake.

Mzee Ndolo akauliza, "Nthenya, mama yako alikuwa mwenyewe?"

Nikafungua mdomo. "Alikuwa mwenyewe," nikasema. "Sijapata kumwona akiwa mwenyewe vile."

Sijui yalitoka wapi. Nilifikiria ule mkoba, na viatu vilivyopangwa, na pepo gani litakuambia uchunge viatu? Lakini hilo nalifikiria sasa. Wakati ule sikufikiria kitu. Mzee Ndolo akaandika, Mchungaji akainamisha kichwa, ikawa mwaka mmoja. Kwa hivyo aliyemtoa Mama kwenye ushirika, Kivuva, ni mimi binti yake.

Tulirudi pamoja, mimi na Mama. Karibu na kwake akaniita mwaitu, yaani mama, kama anavyoniita akikumbuka kwamba nimebeba jina la mama yake, nikadhani sasa atasema. Akaniuliza kama bado nina unga nyumbani. Sasa hiyo ni shukrani au ni hasira? Nimeigeuza upande huu na upande ule, siioni.

Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Mama alikaa benchi la mwisho na wale walio nje, amevaa kitambaa chako, mgongo wima. Mimi niko mbele na kwaya. Sahani ya mkate ilipofika kwangu niliipitisha kwa jirani bila kumega. Sikuwa nimekusudia. Sijui kama nimegoma au nimejihukumu, na hapana shaka Jumapili ijayo wataniuliza. Nimetoka huko ndiyo nimekaa kukuandikia.

Kwa hivyo niambie wewe uliye mbali, labda kutoka huko kunaonekana vizuri. Nilimfanyia Mama mema au mabaya? Na ukiweza kuja mwaka huu, njoo. Usingoje kuitwa kwa simu ya maandishi.

Mfikishie Kasyoka salamu zangu, na watoto mmoja mmoja. Kavata anakusalimu, sasa anajua kusoma na atakuandikia mwenyewe. Muli anakusalimu sana na anasema usimlaumu. Mchungaji Mbuvi pia aliuliza habari zako, kwa moyo mweupe kabisa.

Mama hakukutumia salamu, amekutumia kazi. Nilipita kwake baada ya ibada nikamwambia nakwenda kukuandikia. Alikuwa anapepeta maharagwe. Akasema, "Mwambie Kivuva kanisa lisiponiimbia, wataniimbia watoto wangu. Aanze kujifunza mapema, kwa maana sauti yake ni mbaya."

Bwana akulinde ugenini, akupe kazi, afya na nauli ya kurudi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Nthenya