Wimbo wa Mpunga na Windo Mpya

Mpwa wangu mpendwa Fausta,

Marahaba. Najua umeniamkia huko utawani, hata kama mimi hapa Ifakara sisikii. Bahasha hii sijaibandika gundi, maana Sista mlezi wenu ataisoma kwanza, basi na asome. Simu mmezuiwa mpaka malezi yenu ya unovisi yaishe. Isingekuwa hivyo ningekupigia siku ileile, na pengine ungeniwahi kabla sijaharibu.

Ni habari ya ile kompyuta ya steshenari yangu.

Unaikumbuka. Ndiyo ile niliyovuka nayo mto kabla ya daraja, nimeibeba kichwani, kiboko akatoka majini, akanitazama, akaona huyu mtu ana shughuli zake, akapisha. Nilikuwa nawasimulia wateja, wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki unachapa noti za kwaya, hata kichwa hukuinua.

"Mjomba, jana walikuwa wawili."

Wateja wakacheka. Nikakwambia yule wa pili alikuwa nyuma.

Mashine ile imekula vumbi la barabara ya Kiberege miaka na miaka. Umeme umekatika ukarudi, mjusi ametaga humo ndani, na bado asubuhi ukibonyeza inawaka. Ilikuwa na windo saba, ile Windows inayoiendesha, na programu yako ya noti. Ulinionyesha kitu kimoja tu cha kubonyeza ili nikuprintie nyimbo. Mimi kwa hicho kimoja nikatangaza kwamba kuanzia Kidatu hadi Chita hakuna anayeijua kompyuta kama mimi.

Shida ilianza wanafunzi walipokuja kujaza maombi ya mkopo. Tovuti haifunguki. Kioo kinaniambia kivinjari changu ni cha zamani, nisasishe. Nasasisha, kinaniambia windo yenyewe ni ya zamani, wenyewe walioitengeneza wameacha kuihudumia. Sasa nikuulize wewe uliyesoma. Lile jembe langu la ng'ombe kule Mkula lina umri wa mama yako. Kuna mtu amewahi kuja shambani kunitangazia kwamba huduma yake imekoma? Kitu kinafanya kazi, hakijalalamika, halafu mtu asiyeijua hata Ifakara iko wapi anakiambia basi.

Wateja wakahamia duka la ng'ambo ya barabara. Nikamwita fundi wa karibu na stendi, mtu mzima mwenye mvi zake. Akafungua, akapuliza vumbi, akasema windo ya sasa hivi mashine hii haitaiweza, ni ya zamani mno, ila tukiiongezea RAM itabeba windo kumi. Kisha akaniuliza mbele ya watu, mwalimu wenu wa kwaya akiwa mmoja wao: "Mzee, una vitu vyako desktop? Nikipiga windo vitafutika."

Fausta, mimi sikujua desktop ni wapi. Nilidhani ni chumba fulani huko ndani, cha mafundi. Ila ningesemaje, mwalimu amesimama pale? Nikamjibu, "Piga tu. Mambo yangu nimeshayapanga."

Kumbe desktop ni palepale mbele, ukiwasha tu, penye kile kitu chako cha kubonyeza, na vyote vikafutika.

Nyimbo zako za zamani karatasi zake zipo kabatini. Ule wa mwisho, Wimbo wa Mpunga uliomaliza wiki ya kuondoka, ule wa matoleo kwa Misa ya mavuno, haukuwa na karatasi. Uliniachia niuprinti, mimi kila siku nasema kesho. Kwaya ilijifunza kwa kukusikiliza wewe.

Nilirudi kwa fundi. Akatafuta kwa programu zake kutwa nzima, zikarudi barua za wateja na picha za harusi za watu nisiowajua. Wimbo haukurudi. "Nilikuuliza, mzee," akasema. Kweli aliniuliza. Na mwezi haujaisha, kioo kikanipa tangazo lingine: hata hiyo windo kumi huduma yake imekwisha. Nusura niitupe barabarani.

Misa imekaribia, na wanakwaya waliousikia kwako wametawanyika. Nikachukua baiskeli, nikaenda kuutafuta wimbo wako midomoni mwa watu, mwalimu nyuma yangu na daftari. Sauti ya kwanza tuliikuta Mkula barabarani, mama muuza nyanya, akaimba yote huku anawapimia wateja. Ya tatu tuliipata Kiberege, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, jamaa akaomba mashine izimwe kwanza. Ya pili ni mama yako. Tangu uondoke dada yangu hajafungua mdomo kwayani. Aliimba akiwa anapepeta, ubeti wa kwanza wote, na wa pili mpaka karibu na mwisho. Hapo akaweka ungo chini, akaingia ndani. Sikumfuata.

Ikabaki besi, sauti ya nne. Yule besi mwenzangu amehamia Chita, na sasa nikwambie: miaka yote hiyo nilikuwa nasimama pembeni yake nachezesha midomo. Ila kwa wimbo huu wewe uliniita chini ya kengele ya kanisa, tukiwa wawili tu, ukaniambia, "Mjomba, wewe kaa kwenye do. Usihame. Sisi tutakuzunguka." Nilinuna siku tatu. Mtu mzima nipewe noti moja.

Mwalimu akashika kalamu, akanitazama. Nikaitoa ile do, nikaishikilia beti zote mbili. Akaandika, hakufuta kitu. Katika sauti nne, ni yangu peke yake ambayo hakuifuta hata mara moja.

Kompyuta ipo. Kila asubuhi inanikumbusha kwamba imeisha, nami nabonyeza "baadaye", inaendelea na kazi. Sikuombi uje kuitazama. Nakuomba ile mistari miwili ya mwisho ya sauti ya pili, ubeti wa pili, uiandike kwa kalamu kwenye karatasi, Sista mlezi akiruhusu. Mimi mwenyewe nitampelekea mama yako. Na kiboko, Fausta, hakuwepo hata mmoja. Nilivuka kwa kivuko, nimekalia gunia la mchele, nimeipakata kompyuta mapajani.

Baki salama na sala zako.

Mjomba wako,
wa sauti ya nne